Mpishi na Gitaa la Ukutani

Jioni hii nataka kuwasimulieni maisha ya Bibi Elizabeth Cotten wa Marekani, aliyekuwa mpishi na mpiga gitaa. Alifariki tarehe 29 Juni, 1987, mzee wa miaka 94, lakini nyimbo zake zingali zikipigwa hata leo.

Alizaliwa mwaka 1893 karibu na mji wa Chapel Hill, katika jimbo la North Carolina. Jamaa zake walikuwa watu weusi wasio na mali. Angali mtoto aliacha shule, akaenda kufanya kazi katika nyumba za watu kwa mshahara wa dola 1 kwa mwezi. Fedha hiyo iliwekwa kidogo kidogo, hata zikapatikana dola 3 na senti 75, akanunuliwa gitaa.

Hakuwa na mwalimu. Tena alitumia mkono wa kushoto, na gitaa lile lilitengenezwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Je, alifanyaje? Hakubadili nyuzi, aligeuza gitaa lenyewe, nyuzi nene zikawa chini na nyembamba zikawa juu. Wapigaji wengine hupiga nyuzi nene kwa kidole gumba. Yeye alizipiga kwa vidole vingine, na gumba ndilo lililotoa sauti ya wimbo. Hata kabla hajawa mtu mzima alitunga wimbo wa gari la moshi la mizigo, uitwao Freight Train, kwa kuwa magari hayo yalipita karibu na kwao.

Mwaka 1910 aliolewa, kisha akapata binti. Watu wa kanisani wakamwonya kuwa nyimbo za dunia hazimfai Mkristo. Na kazi nazo zilikuwa nyingi. Basi akaliweka gitaa chini, asiliguse ila mara chache, kwa muda wa miaka 25 na zaidi.

Hata siku moja, katika miaka ya 1940, alipokuwa akifanya kazi katika duka kubwa mjini Washington, alimwona mtoto wa kike amepotea. Akamshika mkono, akamrudisha kwa mama yake. Mtoto huyo aliitwa Peggy Seeger, na wazazi wake walikuwa wataalamu wa muziki waliokusanya nyimbo za asili. Wakamwajiri Bibi Cotten awapikie na kuwapigia pasi nguo zao. Watoto wakampenda, wakamwita Libba.

Katika jiko la nyumba ile gitaa lilitundikwa ukutani. Mpishi huyu alilitazama siku nyingi, kisha akaanza kulishusha na kulipiga peke yake, mlango umefungwa. Siku moja Peggy akaingia, akamkuta. Nyumba nzima ikastaajabu: wenyewe walitafuta nyimbo nchi nzima, kumbe hazina ilikuwa jikoni mwao!

Mike, kaka yake Peggy, akanasa nyimbo zake, na mwaka 1958 sahani yake ya kwanza ya santuri ikatolewa. Umri wake ulikwisha kupita miaka 60. Lakini kabla ya hapo wimbo wa gari la moshi ulikuwa umefika Uingereza, na wengine wakauandikisha kama mali yao. Ilibidi kudai haki mpaka jina lake likarudishwa juu ya wimbo alioutunga mwenyewe.

Aliendelea na kazi za nyumbani miaka kadhaa, akipiga gitaa mbele ya watu alipopata nafasi. Mwishowe muziki wake ulimwezesha kununua nyumba katika mji wa Syracuse, akakaa huko na jamaa zake. Mwaka 1985 alipewa tuzo ya Grammy, ambayo wanamuziki wa Marekani huistahi sana.

Wasikilizaji, akili ya Bibi Cotten haikuzaliwa siku ile mlango ulipofunguliwa. Ilikuwapo miaka yote alipokuwa akisimama mbele ya jiko. Huenda nyumbani kwako yupo mtu akupikiaye chakula kila siku, nawe hujamwuliza hata mara moja anajua nini zaidi ya kupika. Mwulize leo. Na wewe uliyeweka kipawa chako chini kwa sababu ya shida, usidhani siku zimepita. Wazee walisema: chanda chema huvikwa pete, hata kama pete yenyewe itakawia.

Kwaherini.