Kiwanja Chako, Shamba la Nani?

 

Shida ya nyumba tunaijua. England peke yake ina kaya zaidi ya milioni moja kwenye foleni ya nyumba za halmashauri, na wengine wamo humu ukumbini. Lakini leo tusijililie. Tuulizane kuhusu viwanja tunavyonunua kule nyumbani, Unyambwa.

Unyambwa ni kata ya Manispaa ya Singida, na mji ukipanuka haupigi hodi. Dalali anatuma picha kwa WhatsApp, bei ya kutupa, nasi tunatuma pesa. Hatuulizi nani analima pale. Wakati mwingine anayeuza ni shemeji wa mjane, na mjane mwenyewe anaona vigingi vikipigwa katikati ya alizeti yake. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inazuia nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Mume akishafariki, ridhaa hiyo haina wa kuidai. Mama anabaki na kikao cha ukoo, na vikao vyetu tunavijua. Basi usitume hata shilingi kabla ya kuona barua ya Mahakama ya Mwanzo inayomtaja msimamizi wa mirathi.

Serikali ikitwaa ardhi, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Inamtambua hata aliyelima miaka arobaini bila karatasi, ila jina lake lisipoandikwa kwenye fomu ya mthamini, fidia inaweza kumpita. Kule Dar es Salaam, kaya 644 za Magomeni Kota ziliondolewa zaidi ya miaka kumi iliyopita, zikakabidhiwa nyumba mpya 2022. Walisota, ndiyo. Ila majina yao yalikuwa kwenye orodha, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyowaokoa.

Wazee wetu wengi hawamo kwenye orodha yoyote. Wizara ya Ardhi iliwahi kuweka ukomo wa ada ya shilingi 150,000 kwa kiwanja katika urasimishaji, yaani kupimiwa na kuandikishwa ardhi. Kwa bibi anayeuza kuku mmoja mmoja, huo ni mlima. Kwetu haifiki pauni mia, na harusi za hapa tunachangia zaidi ya hizo bila kunung'unika.

Kwa hiyo, kabla hujachukua sahani ya pilau, pita kwa mweka hazina uandike jina la mzee mmoja wa Unyambwa ambaye ardhi yake haijapimwa, na kiasi utakachomlipia.