Simu Ndani ya Sanduku: Maneno ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi

Tunawashukuru ninyi mliopanda kutoka Mang'ola na vumbi lile, na mlioteremka kutoka Ngorongoro na baridi yenu. Karibuni sana Karatu.

Katibu amekwisha kusoma risala. Hesabu za hisa na mikopo mmezisikia, hatutazirudia. Kamati ya sherehe imetutaka tuseme juu ya jambo moja tu, yaani hili la kutumia simu na mitandao kutafuta soko na kufahamiana na watu wa biashara. Tumekubali, kwa sababu katika miaka kumi hii hakuna jambo lililotugombanisha kama hilo, na hakuna lililotuingizia fedha kama hilo. Sisi tunaozungumza hapa tuliishia darasa la saba, kwa hiyo msitegemee maneno ya kitaalamu.

Tulipoanza mwaka 2016 tulikuwa akina mama 19. Tulikuwa na sanduku la chuma, kufuli tatu, na funguo tatu kwa watu watatu. Hisa moja shilingi 2,000. Kila mmoja alikuwa na kabustani kake ka karoti, spinachi, au vitunguu, na wenzetu wa upande wa hifadhini walikuwa na shanga zao. Shida ilikuwa kuuza. Sisi wa Karatu tumekaa njiani. Barabara ya lami inatoka Makuyuni, inapita Mto wa Mbu, inapita mlangoni petu, inakwenda hadi lango la Lodoare. Msimu wa wageni ukifika, kuanzia mwezi wa sita, magari ya watalii yanapita tangu alfajiri. Sisi tunayapungia mkono kama watoto. Na hoteli zimetuzunguka pande zote, lakini mboga nyingine zilikuwa zinatoka Arusha, kilometa kama 140, zinatupita hapa tukiwa na spinachi inanyauka shambani.

Kwa nini? Hatukuwa tunamjua mnunuzi. Unafika getini na tenga kichwani, askari anakuuliza una miadi na nani. Huna. Unarudi.

Mlango ulifunguliwa na binti wa mwenzetu mmoja aliyepata kazi jikoni kwenye hoteli, mwaka 2018. Akatupa namba ya mtu wa stoo, akamwambia, "Hawa ni mama zangu, ni waaminifu." Tukapiga picha ya karoti kwa simu ya kijana wa jirani, tukaituma kwa WhatsApp. Siku ya pili tukaambiwa tupeleke kilo 20. Watu wengi wakadhani ni ile picha. Hapana jamani. Karoti zote zinafanana kwenye picha. Yule mtu wa stoo alinunua neno la yule binti, picha ilikuwa ni ya kumwonyesha tu kwamba karoti zipo. Tunalisema hili mapema kwa sababu vijana wetu siku hizi wanafikiri ukishaposti umemaliza kazi.

Basi ikaja hoja ya kununua simu ya kikundi. Hapo ndipo tulipoona cha moto. Bei ilikuwa shilingi 320,000. Nusu ya wanachama walisema tunamnunulia mwenyekiti simu ya kutembea nayo. Mikutano mitatu! Mwishowe tukakubaliana simu ni mali ya kikundi, na mali ya kikundi inakaa kwenye sanduku. Tukaifungia humo, pamoja na muhuri na daftari la hisa, kufuli tatu. Mnacheka, lakini ndivyo tulivyofanya. Mteja anapiga, simu inalia ndani ya sanduku, mwenye nyumba anaisikia, na funguo ziko Rhotia, Endabash na sokoni. Ikalia mpaka chaji ikaisha. Tulipoteza oda ya kabichi ya wiki nzima namna hiyo. Ndipo tukaitoa, tukamkabidhi mwekahazina, kwa sharti kwamba kila oda inayoingia inaandikwa kwenye daftari kwa kalamu: jina la mteja, namba yake, kiasi, bei, nani amepeleka. Kila Jumamosi daftari linasomwa mbele ya wote. Daftari hilo lilikuja kutuokoa mara mbili, tutasema.

Mwaka 2020 mnaukumbuka. Mgonjwa wa kwanza wa corona nchini alitangazwa mwezi Machi, tena akiwa hapa hapa mkoani Arusha. Aprili ndege za kimataifa zikasimamishwa. Zilifunguliwa tena Mei 18, lakini wageni hawakurudi siku hiyo. Hoteli zikafunga majiko, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, yule binti naye. Sisi tulikuwa na nyanya, karoti na mikopo. Tukakaa tukapitia daftari, tukakuta kuna namba za watu ambao hatukuwahi kuwajali: mwalimu aliyenunua kilo mbili, muuguzi, mama wa hoteli ndogo ya chai stendi, dada mmoja wa Arusha mjini aliyewahi kupita. Tukaanza kuwapigia. Wenye simu kubwa wakaweka picha kwenye stetasi kila asubuhi, maana ile inakaa saa 24 inafutika, lazima uweke upya. Dada yule wa Arusha akatuunganisha na majirani zake wa mtaa. Tukawa tunafunga vifurushi, tunapakia kwenye basi, mpokeaji anasubiri stendi, fedha inakuja kwa simu.

Na vitunguu vya Mang'ola hivyo hivyo. Wanunuzi wa vitunguu wanafika kule hata kutoka Kenya, na wamezoea kununua kwa lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu, ingawa sheria ya vipimo inakataza. Mkulima ukiwa peke yako na shida ya ada ya mtoto, utabisha na nani? Tulipoanza kuulizana bei kwa simu, leo Arusha ni ngapi, leo Karatu sokoni ni ngapi, dalali hakuweza tena kusema anavyotaka. Hatusemi tumemshinda. Tunasema sasa anauliza kwanza kama tunajua bei. Na mwenzetu mmoja wa kule aliuza magunia manane kwa kilo, kwa mizani, kwa mtu aliyempata kupitia mteja wetu wa karoti.

Sasa tuseme la aibu, maana kitabu hiki kitasomwa na watoto wetu.

Mwaka 2022 wageni wamerudi, biashara imechangamka. Akatuandikia mtu kwa WhatsApp, picha yake ni ya jengo zuri la hoteli, Kiswahili safi, anatuita "mama zangu". Anataka kreti 40 kila wiki, mkataba wa mwaka mzima. Ila kuna ada ya kusajiliwa uzabuni, shilingi 450,000, na mwisho ni leo saa kumi, kwa kuwa vikundi vingine vinasubiri. Mwekahazina alisita. Akasema, "Mama mwenyekiti, huyu hatujamwona." Sisi tunaosimama hapa ndio tuliosema tuma. Fedha ile ilikuwa ya mfuko wa jamii, wa ugonjwa na misiba. Tulituma kwenye namba ya mtu binafsi. Saa kumi na moja picha ya hoteli ikatoweka, namba haipatikani.

Wiki mbili baadaye mtoto wa mwenzetu akalazwa. Mfuko ulikuwa na shilingi 38,000.

Hatutasahau mkutano ule. Wenzetu walichanga mfukoni, wengine waliuza kuku, mtoto akatibiwa na leo yuko shule, ashukuriwe Mungu. Sisi tuliweka uongozi mezani. Wanachama wakakataa, wakasema kwanza rudisheni fedha. Viongozi wanne tulikatwa kwenye mgawo wetu kwa miezi kumi na moja mpaka ikatimia. Lakini mama wa yule mtoto aliondoka kwenye kikundi, na hakukosea kuondoka. Leo tumempelekea kadi kwa mkono.

Tangu hapo tuna utaratibu, na unaandikwa humu ili hata kikundi kingine kikitaka kiuchukue. Hatumlipi mtu yeyote ili atununulie. Anayenunua ndiye anayetoa fedha. Mteja mpya mkubwa lazima watu wawili waende kwake, waingie ofisini, wamuulize mtu wa manunuzi kama anatufahamu. Nauli ya bodaboda ni ndogo kuliko 450,000. Anayesema "mwisho ni leo", tunamwambia basi mwaka kesho. Fedha ya kikundi haiendi kwenye namba yenye jina tusilolijua, hata awe ametuma picha na cheti. Zile namba sita zinazoletwa na WhatsApp hapewi mtu, hata mtoto wako akizitaka, maana mtu akizipata ameingia kwenye simu yako na ataomba fedha kwa jina lako. Ujumbe wa kitapeli ukija, ile namba inatumwa 15040, ndiyo ya kuripotia. Na ukibonyeza *106# unaweza kuangalia ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Kuna mwenzetu alikuta laini mbili asizozijua! Leo jioni kila mmoja aangalie.

Tulijifunza pia kwamba na sisi tunachunguzwa. Hoteli ya maana itakuuliza una TIN, unatoa risiti, ukisema saa mbili unafika saa mbili? Tukaisajili biashara, tukafungua na ile WhatsApp ya biashara, ambayo unapanga bidhaa na bei kama rafu za duka, mteja haulizi bei mara kumi. Oda ikitushinda tunasema jioni ileile imetushinda, na tunamwelekeza kwa kikundi kingine. Mwanzoni wanachama walinung'unika kwamba tunawapa wateja wenzetu. Lakini wale wenzetu nao sasa wanatuletea.

Wapo wasiojua kusoma vizuri, na wapo wenye vitochi. Tulikuwa karibu kuwaacha nyuma bila kukusudia, maana mambo yote yalikuwa yanaamuliwa kwenye grupu usiku, Jumamosi mtu anakuja anakuta yamekwisha. Siku moja bibi mmoja wa Oldeani akasimama akauliza, "Kikundi kimehamia wapi? Nimekuja hapa sikioni." Tangu hapo grupu ni la kupashana habari tu. Uamuzi ni hapa, chini ya mti, ana kwa ana. Na kwenye grupu tunatuma sauti badala ya maandishi, ili anayeshikiwa simu na mjukuu asikie mwenyewe.

Wenzetu wawili wa Ngorongoro walihamia Msomera kule Handeni na familia zao, mwaka 2022 zilipoanza kuhama. Tulidhani ndiyo mwisho. Lakini hisa zao zinaingia kwa simu kila mwezi, na shanga wanatengeneza huko, zinakuja kwa basi, zinauzwa hapa. Mmoja wao hutuma sauti kila Jumamosi kabla ya mkutano. Anasalimia mmoja mmoja kwa jina, inachukua dakika nne, na hakuna anayethubutu kuikatisha.

Juu ya picha, neno moja. Mgeni aliyenunua hereni aliweka picha ya mwenzetu kwenye mtandao, na baadaye tukaona sura hiyo hiyo inatangaza shanga ambazo si zetu. Hatukuweza kuiondoa. Sasa tunapiga picha ya mikono na kazi, sura kwa anayekubali tu.

Na daftari. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilipokatika nchi nzima kwa siku kadhaa, WhatsApp ilikuwa kimya. Mboga zilikuwa zimekwisha kung'olewa. Mwekahazina akafungua daftari, akapiga namba moja moja kwa simu ya kawaida. Mzigo mwingi uliondoka. Kikundi ambacho namba zake zote ziko ndani ya simu kingefanya nini?

Ndugu Mgeni Rasmi, tunayo maombi mawili. Kwanza, zipo hoteli zinazochukua mboga leo na kulipa baada ya siku sitini. Mama mwenye mkopo wa mwezi mmoja hawezi kungoja siku sitini. Tunakuomba ukikaa nao utusemee. La pili, kule juu upande wa hifadhini kuna mahali mwanachama anapanda kilima ndipo apate mtandao, na jioni kuna tembo na nyati. Tunaomba nalo lifikishwe panapohusika.

Kwa vijana: mama yako akikuuliza jambo la simu kwa mara ya nne, mjibu.

Kwa wanachama: kioo cha simu ya kikundi kimepasuka, na hoja ya kununua ya pili italetwa mkutano wa Jumamosi. Njoni na hasira zenu zote. Na yule mwenzetu tuliyempelekea kadi, tumemwona amekaa pale nyuma karibu na mlango. Karibu mama. Kitabu chako cha hisa bado kiko kwenye sanduku, hakuna aliyekifuta.

Makande na nyama viko tayari. Gari la kurudi Endulen linaondoka saa tisa, msichelewe.