Ndoa Kando ya Kitanda cha Mgonjwa
Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imenitaka niseme mbele yenu juu ya jambo ambalo limetufikia mara nyingi kuliko tulivyodhani, nalo ni ndoa zinazotakiwa kufungwa kwa haraka hospitalini, mgonjwa akiwa amelala na siku zake zikihesabiwa. Nimekubali kwa kuwa mimi ndimi niandikaye barua za Chama na ndimi nitumwaye maofisini, hata njia za shughuli hii nimezipita kwa miguu yangu. Sitasema mambo ya madaktari wala ya mawakili kana kwamba nimesomea kazi zao. Nitasema yale ambayo mtu hana budi kuyajua kabla hajapiga simu nyumbani kuwaita wazee.

Wako wasemao, Mtu yu karibu kufa, ndoa ya nini? Swali hili si la kipumbavu, nami nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu. Lakini tutazame hali yetu ilivyo. Wengi wetu tuliokuja mjini tumekaa na wake zetu miaka kumi, hata kumi na mitano, pasipo kumaliza mambo ya mahari, wala kwenda kanisani, wala kufika kwa Msajili wa Ndoa. Twaitana Baba Fulani na Mama Fulani, watoto wanasoma, majirani wanatuheshimu, na twadhani kwamba miaka yenyewe ni cheti. Zamani mahakama zilikuwa zikiwasaidia watu wa namna hii kwa kudhania kuwa ndoa ipo, kwa sababu ya kukaa pamoja muda mrefu. Msaada huo haukuondolewa, ila umebanwa sana: tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hii iliamua kwamba dhana hiyo itumike kwa nadra, na kwa ushahidi wenye nguvu tu. Basi mjane anayetegemea miaka peke yake atatakiwa kuithibitisha ndoa yake kwa mashahidi na maneno mengi, tena siku zile ambazo hana nguvu hata ya kula.

Kwa watoto mambo si magumu hivyo. Katiba ya 2010 yasema mtoto ana haki ya kutunzwa na baba na mama yake, wawe wameoana au hawakuoana, na mtoto ambaye baba yake alimkubali hanyimwi mirathi kwa sababu ya ndoa ya wazazi. Nasema hivi kwa kuwa nimewasikia wazee wakimwambia mgonjwa, Fanya haraka, ama watoto wako watakuwa si wako. Hilo si kweli, na ni kumtisha mtu aliyekwisha kutishwa na ugonjwa. Aliye hatarini hasa ni mke.

Nitawaeleza habari ya mwanachama wetu mmoja, ambaye jina lake silitaji kwa heshima ya nyumba yake. Alikuwa seremala, na alilazwa katika hospitali moja ya Nairobi kwa saratani ya koo la chakula. Alikuwa amekaa na mama watoto miaka kumi na mmoja. Siku ya Jumatatu daktari aliwaita ndugu akawaambia kwamba hesabu sasa ni ya majuma machache, na pengine si mengi. Jioni ile ile mgonjwa mwenyewe, kwa sauti ya kunong'ona, alimwambia kaka yake, Nataka kumwoa mama watoto kabla sijaenda. Nawaomba mshike neno hilo: mgonjwa mwenyewe. Wazo halikutoka kwa mke, wala kwa kaka, wala kwa Chama.

Taabu ya kwanza ilikuwa siku. Sheria ya Ndoa ya 2014 yataka wale wanaotaka ndoa ya kiserikali watoe ilani ya maandishi siku zisizopungua ishirini na moja kabla ya ndoa, na makanisa nayo yana desturi yao ya kutangaza majina. Mgonjwa wetu hakuwa na siku ishirini na moja. Lakini iko njia, nayo ni leseni maalumu ya Msajili wa Ndoa, ambayo huwaondolea watu kungoja ilani kama sababu zao zatosha. Ombi hufanywa siku hizi kwa mtandao wa eCitizen, na maofisa wenyewe mtawaona Nairobi, katika jumba la Sheria. Tulipeleka vitambulisho vya wote wawili, picha zao, hati za kiapo kwamba hakuna aliye na ndoa nyingine inayozuia, na barua ya daktari ielezayo ugonjwa na kwamba mgonjwa hawezi kuondoka kitandani. Hati ya kiapo ya mgonjwa ndiyo iliyotutoa jasho, maana kiapo hakiapwi kwa niaba ya mtu. Wakili mmoja alikubali kuja wodini, akamsomea maneno pole pole, naye akatia dole gumba kwa kuwa kalamu ilikuwa imemshinda. Leseni tuliipata Alhamisi. Katika ofisi moja tuliambiwa turudi wiki ijayo. Tulipoionyesha tena ile barua ya daktari, bibi mmoja aliyekuwa mezani aliisoma mpaka mwisho, akainuka yeye mwenyewe kwenda kutafuta sahihi. Wako watu wema maofisini, illa yafaa karatasi ziwe kamili ndipo wema wao upate mahali pa kushika.

Taabu ya pili, wazee wangu, ilitoka kwetu. Kaka wa mgonjwa alisema ndoa haiwezi kufungwa kwa kuwa mahari haijatolewa, na kwamba wakwe watatucheka. Alisema kwa uchungu, si kwa ubaya; yeye ndiye angesimama mbele ya wakwe, si mimi. Nilimjibu kwa adabu kwamba ndoa ya kanisa au ya Serikali haingoji mahari mbele ya sheria, na hata katika ndoa ya kimila, fungu la 43 la Sheria hiyo lasema kwamba pale mahari inapotakiwa, kutoa kiasi kidogo cha ishara kwatosha kuithibitisha ndoa. Hakuridhika. Basi alipigiwa simu baba wa bibi arusi kule nyumbani, sote tukisikia. Yule mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, Mwanangu, ng'ombe hawakimbii. Mwandikeni mtoto wangu. Kaka akatoka nje ya wodi, akarudi macho mekundu, akauliza ni nani atakayeleta suti.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo naliona kubwa kupita yote, nitakaa hapo kidogo. Sheria yasema ndoa ni batili ikiwa ridhaa ya mmoja haikutolewa kwa hiari. Nayo yaeleza kwamba ridhaa si ya hiari kama mtu alishurutishwa au alidanganywa, au kama ugonjwa wa akili, hata wa kupita, au ulevi, au dawa, vimemfanya asielewe maana ya sherehe inayofanywa. Fikirini mtu aliyelala kwa saratani: dawa yake ya maumivu ni mofini, homa humpanda usiku, na siku nyingine hajui ni asubuhi au jioni. Ndoa ya mtu huyu yaweza kuvunjwa mahakamani na ndugu yeyote mwenye tamaa, na mjane akabaki na karatasi isiyomfaa.

Kwa hiyo tulimwomba daktari atuchagulie saa. Naye alituchagulia saa nne ya Ijumaa, saa ambayo dawa ilikuwa imemtuliza mgonjwa lakini haijamlaza. Wako wanaodhani mgonjwa anyimwe dawa ili awe macho. Huo ni ukatili, tena mtu aliyezidiwa na maumivu hawezi kufikiri vema kuliko aliyetulizwa. Daktari aliandika katika faili kwamba asubuhi ile alizungumza naye na akamwona ana akili timamu. Mchungaji, ambaye ana kibali cha Serikali cha kufungisha ndoa, aliomba ndugu wote watoke kwanza, akabaki na mgonjwa. Hakumwuliza maswali ya kutikisa kichwa tu. Alimwuliza, Huyu aliye nje ni nani kwako? Leo twafanya nini? Yuko mwanamke mwingine uliyemwoa? Alimwuliza kwa lugha ya nyumbani, naye akajibu kwa maneno yake mwenyewe. Ndipo tukaitwa ndani.

Swali lile la mwanamke mwingine lisipitwe kwa kuona haya. Ndoa ya kanisa na ya Serikali ni ya mke mmoja, na mtu aliyeoa nyumbani kwa mila hana ruhusa ya kumwoa mwingine hospitalini kwa ndoa ya namna hiyo. Wazee ndio wajuao mambo ya nyuma ya mtu. Mzee akinyamaza katika jambo hili ili kulinda sura ya ukoo, amewatupa wanawake wawili mahakamani.

Naona vema niseme pia juu ya siku tuliyokataa. Tuliitwa na jamaa ambao mgonjwa wao hakuwa akitambua mtu tangu siku tatu. Fomu walikuwa nazo, na wino walikuwa nao, wakataka tusimame mashahidi wakati kidole chake kitakaposhikwa na kugandamizwa. Bwana Mwenyekiti na mimi tulikataa. Yule mama alilia sana, na mpaka leo akiniona njiani huvuka upande wa pili. Sina la kumlaumu. Alikuwa amemtunza mtu yule kwa uaminifu na haki yake ilistahili njia. Lakini njia ile haikuwa ya kweli, na Chama hakiwezi kutia sahihi kwenye ridhaa ambayo hakikuisikia.

Arusi yenyewe ilichukua dakika ishirini. Msimamizi wa wodi alituruhusu watu wanane, bila ngoma wala vigelegele, kwa ajili ya wagonjwa wengine. Mshumaa tuliokuja nao ulirudi mfukoni, kwa kuwa mgonjwa alikuwa akivuta hewa ya oksijeni, na moto karibu na hewa hiyo ni hatari kubwa. Pete haikuingia, maana vidole vilikuwa vimevimba. Bibi arusi aliitia katika uzi akamvika shingoni. Mashahidi wawili walikuwa wanachama wetu, watu wazima. Hatukuwataka manesi watie sahihi, kwa sababu wao wana kanuni za kazi zao. Mgonjwa wa kitanda cha pili, Mwislamu wa Lamu, alituombea dua, kisha akatuambia kwamba kwao shughuli hii ni nyepesi: walii, mashahidi wawili, mahari, na maneno ya kuoza na kukubali. Nikamwambia hata kwao cheti ni lazima, na yule afungishaye awe na kibali. Akacheka, akasema karani ni karani.

Jambo moja lingetuponyoka kama si yule wakili. Aliuliza, Huyu bwana ana wosia? Kaka akasema upo, uliandikwa zamani, umo katika sanduku la bati. Wakili akatueleza kwamba katika Sheria ya Urithi, mtu akioa, wosia aliokuwa ameuandika kabla hufutika, isipokuwa kama ulitaja wazi kwamba umeandikwa kwa kutazamia ndoa na mtu fulani. Maana yake, kwa kufunga ndoa, mgonjwa alikuwa amefuta sehemu aliyomwachia mama yake mzazi. Alasiri ile ile, akiwa bado na nguvu kidogo, alisema upya matakwa yake. Wakili akaandika, na mashahidi wawili wasio warithi wakatia sahihi. Sheria hiyo yakubali pia wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili au zaidi, mradi msemaji afe katika miezi mitatu, lakini wosia wa mdomo huleta ubishi, na kwetu ubishi haukosi wa kuufanya.

Seremala wetu alifariki siku ya tisa baada ya arusi. Matangani hakuna aliyeuliza mjane ni nani.

Nimetaja matanga, basi niseme neno kwa wazee juu ya ile desturi ya kuzuia maziko ya mwanamke mpaka mahari itolewe penye jeneza. Sitaki kuwafundisha mila. Ninyi ndio walimu wangu. Nasema tu kwamba ndoa hutaka ridhaa ya watu wawili walio hai, na Msajili hamwandikii maiti cheti. Ng'ombe waletwao siku ile wangeletwa wawili tu, au hata kondoo mmoja, miaka kumi kabla, na wazee wa pande mbili wakaandikisha ndoa ya kimila, mama yule angeishi na kufa ana jina. Tangu Agosti 2017 Msajili huandikisha ndoa za kimila, na yapasa wenye ndoa wampe habari katika miezi mitatu baada ya sherehe kukamilika.

Halmashauri yaleta mbele yenu maombi mawili. La kwanza, Chama kiweke akiba ndogo katika mfuko wa misiba kwa ajili ya ada za leseni na nauli ya wakili, mwanachama apewe siku ile ile kwa sahihi ya Mwenyekiti na Mweka Hazina, pasipo kungoja mkutano. La pili, kila mwanachama aniletee habari za nyumba yake: ameoa kwa ndoa gani, cheti kiko wapi, na kama hakuna, ni kitu gani kilichobaki. Nimeandaa daftari jipya kwa kazi hiyo, liko pale mezani kwa Mweka Hazina, na wenye haya ya kuandika mbele ya wenzao watanikuta nyumbani jioni yoyote isipokuwa Jumapili.