Gita la Paraguay baada ya Barrios

Suala la kuzingatiwa ni mustakabali wa gita la klasiki nchini Paraguay, yaani gita linalopigwa kwa vidole kwa kufuata muziki ulioandikwa. Agustín Barrios, mpiga gita na mtunzi wa Paraguay aliyezaliwa mwaka 1885 na kufariki San Salvador mwaka 1944, aliunganisha mitindo ya Ulaya na midundo ya kwao, ingawa rekodi ya kazi zake iliyotolewa na mpiga gita John Williams mwaka 1977 ndiyo iliyochangia sana kumrejesha masikioni mwa dunia. Leo sura yake imo katika noti ya guarani 50,000, inayopita hata mikononi mwa wachuuzi. Wanaomtukuza wana hoja nzito, kwani kazi zake humpa mwanafunzi msingi imara. Kwa upande wa pili, heshima ikielekezwa kwa marehemu mmoja, mtunzi aliye hai hukosa jukwaa, na hasara hiyo ni kubwa. Je, nani atagharamia muziki mpya?