Fidia ya Majeruhi ni Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu,

Barabara itokayo Makambako kupitia Njombe hadi Songea hupitwa na magari ya mbao na viazi usiku na mchana, na mara nyingi ukungu hufunika njia. Ajali zinapotokea, huko Yakobi na kwingineko, majeruhi huambiwa: "Hiyo ni kadari ya Mungu, utamshitaki nani?" Tunasema, kadari ni kweli, lakini haifuti haki. Katika Suratun-Nisaa Mwenyezi Mungu ameamrisha diya kwa ajili ya aliyeuawa kwa kukosea, ingawa muuaji hakukusudia. Na wanavyuoni wakabainisha fidia za viungo na majeraha. Kusamehe ni fadhila kubwa, lakini ni hiari ya aliyeumizwa. Mwenye gari hana ruhusa ya kumshurutisha.

Sheria ya nchi yetu nayo humlazimu mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine atakaowadhuru. Basi aliyejeruhiwa achukue fomu ya polisi, PF3, atunze vyeti na stakabadhi za matibabu, wala asitie sahihi wala dole gumba katika hati asiyoielewa. Tena asikawie, kwani Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 imeyawekea madai ya namna hii muda wa miaka mitatu.

Lakini tumche Mungu katika kudai. Bibi Ummu Salama amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa huhukumu kwa ayasikiayo, basi anayepewa haki ya mwenziwe kwa ufasaha wa ulimi wake amepewa kipande cha moto. Kwa hiyo anayedai jeraha asilolipata, au kuleta shahidi ambaye hakuwapo, hukumu ya hakimu haimhalalishii hata shilingi moja.

Nanyi jamaa mnaopokea fedha kwa niaba ya mgonjwa au yatima, jueni kuwa fedha hizo ni badala ya mguu uliokatwa na jembe lisiloshikika tena. Si za karamu, wala si mtaji wa ami au mjomba. Ni amana, nanyi mtaulizwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye majeruhi, awahifadhi wasafiri, na atujaalie kutoa haki kabla hatujadaiwa. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.