Tovuti ya Tawi: Bendera Si Lazima Ipepee

Makamanda wa Kariakoo! Mmeniuliza: tovuti ya tawi iwe ya kuchezacheza au kurasa tulivu?

Mimi nasema tulivu. Mnaikumbuka Flash? Nembo inazunguka, muziki unalia. iPhone haikuwahi kuikubali, na tarehe 31 Desemba 2020 Adobe wenyewe wakaizika. Zilizotegemea Flash tupu zikabaki boksi jeupe. Ukurasa wa HTML wa mwaka 1999 hadi leo unafunguka.

Sasa machinga wa Mtaa wa Kongo ana bando la jero, anatafuta kituo cha kujiandikisha. Ile video ya bendera mliyonionyesha ina MB 3, inamlia bando kabla hajaona hata herufi moja. Hotuba yangu hii yote haifiki KB 2! Kitufe kubadilika rangi kwa CSS, sawa, hakina uzito. Lakini orodha ya vituo iwe maandishi, mtu aihifadhi kwenye simu. Oktoba 2020 mitandao ilivyobanwa, si tulikuwepo?

Anayeng'ang'ania bendera ipepee, aifungue kwanza pale Msimbazi, saa saba mchana, kwa bando lake mwenyewe.