Joto Hupotelea Kwenye Maungio: Tuhesabu Kabla ya Kujenga

(Mada iliyotolewa na ofisi ya miradi ya dayosisi kwenye semina ya kamati za ujenzi za sharika)



Tumeombwa kueleza jambo lililoleta maneno katika sharika zetu. Mwaka 2023 marafiki zetu wa usharika mmoja wa Ujerumani walituandikia kwamba mchango wao wa paa la zahanati ungechelewa, kwa kuwa fedha zilikuwa zinakwenda kwenye ukarabati wa nyumba ya mchungaji wao. Baadhi yetu tulinung'unika. Tulisema, "Sisi hatuna bati, wao wanavisha kuta makoti." Baadaye ujumbe wetu ulifika kwao, tukakaa siku nzima na kamati yao ya majengo pamoja na mhandisi wao. Tulirudi na hesabu ambayo tunaamini itawafaa hata ninyi.

Shida waliyokuwa nayo

Kwa wenzetu nyumba hupashwa moto karibu nusu ya mwaka. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, bei ya gesi ilipanda sana, na sharika nyingi zilipunguza moto makanisani majira ya baridi. Tena, nyumba ya kuishi inayouzwa au kupangishwa huko lazima iwe na cheti cha nishati. Tangu mwaka 2014 vyeti vipya huwa na herufi, kuanzia A+ kwa nyumba inayotumia nishati kidogo kabisa hadi H kwa ile inayotumia nyingi kuliko zote. Kanisa la Kiinjili la Ujerumani nalo limejiwekea lengo la kuacha kuongeza hewa ya ukaa angani ifikapo mwaka 2045.

Kamati ilikuwa na njia mbili tu: kuikarabati nyumba au kuiuza. Walitegemea mkopo nafuu wa benki ya umma ya KfW, ambao hutolewa kwa kuangalia kiwango ambacho nyumba itafikia, pamoja na joto linalopotea kupitia kuta, paa na sakafu. Hesabu ya kwanza ilionyesha kwamba hawatafika. Nusura wauze.

Daraja la joto ni nini?

Ukuta ukivishwa sufu ya mawe au povu, joto hupita kwa shida. Lakini nyumba si ukuta mtupu. Kuna mahali ukuta unapokutana na msingi, fremu ya dirisha inapokaa ukutani, paa linapolalia ukuta, na slabu ya zege inapotokeza nje kuwa roshani. Hapo kile kihami hukatika au hupungua, na joto hupata njia ya mkato. Wahandisi huiita njia hiyo daraja la joto.

Kuna namna mbili za kulihesabu. Ya kwanza ni kukadiria kwa ujumla. Kanuni za Ujerumani zinasema kwamba asiyeleta uthibitisho ataongezewa wati 0.10 kwa kila mita ya mraba ya nje ya nyumba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya ndani na nje. Anayefuata michoro ya maungio iliyokubaliwa hushushiwa hadi 0.05 au chini ya hapo. Namna ya pili ni kupima kila ungio: urefu wake kwa mita, mara kipimo chake cha upotevu kwa kila mita, ambacho huandikwa kwa herufi ya Kigiriki ψ. Kipimo hicho hupatikana kwa programu ya kompyuta inayofuata mchoro wa ungio lenyewe.

Tuchukue mfano tuliouandaa kwa ajili ya semina hii. Nyumba ina mita za mraba 400 za nje, na kila mita hupitisha wati 0.30 kwa nyuzi moja. Hiyo ni 400 mara 0.30, sawa na wati 120. Kwa makadirio ya jumla tunaongeza 400 mara 0.10, yaani wati 40. Jumla ni 160.

Sasa tupime ungio kwa ungio:

- Ukuta na msingi: mita 40 x 0.12 = 4.8
- Kandokando ya madirisha na milango: mita 100 x 0.04 = 4.0
- Paa na ukuta: mita 40 x 0.03 = 1.2
- Kona za nje: mita 24 x -0.05 = -1.2
- Roshani: mita 5 x 0.60 = 3.0

Jumla ni wati 11.8, si 40. Msishangae kona kuwa na alama ya kutoa. Tunapopima ukuta kwa nje, eneo la kona huhesabiwa mara mbili, kwa hiyo lile lililozidi hurudishwa. Basi nyumba yote hupoteza wati 131.8 badala ya 160. Kwa nyumba iliyo karibu na mpaka wa herufi mbili, tofauti hiyo yaweza kuivusha.

Mita tano za roshani

Tazameni tena roshani. Ni mita 5 kati ya 209, lakini inabeba robo ya upotevu wote wa maungio. Ndani kukiwa na nyuzi 20 na nje sifuri, inavuta wati 60, kama balbu ya wati 60 inayowaka mchana na usiku.

Katika nyumba ya marafiki zetu pia, roshani ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko yote. Chini yake palikuwa na chumba cha watoto, na kwenye kona ya dari kulikuwa na ukungu mweusi. Kila mwaka walipaka rangi, na kila mwaka ukungu ulirudi. Mhandisi alitueleza kwamba kanuni yao inataka uso wa ukuta kwa ndani usishuke chini ya nyuzi 12.6, ndani pakiwa na 20 na nje 5 chini ya sifuri. Ukishuka, unyevu wa hewa hukusanyika hapo kiasi cha kuotesha ukungu, hata kama hakuna tone la maji linaloonekana. Walikata roshani ile, wakajenga nyingine inayosimama kwa nguzo zake.

Hesabu si koti

Ndugu zangu, tusielewe vibaya. Hesabu haipashi nyumba moto. Wati 28 zilizopungua katika mfano wetu ni adhabu ya kutojua iliyoondolewa, na ni halali tu kama fundi amejenga kama mchoro ulivyo. Akiacha pengo la vidole viwili kwenye msingi, cheti kitakuwa kizuri na nyumba itakuwa baridi. Ndiyo maana kamati yao ilimweka mzee mmoja wa kupiga picha kila ungio kabla halijafunikwa kwa plasta.

Na sisi je? Huku kwetu nyanda za juu, ambako Juni na Julai baridi hutuuma, nyumba zetu nyingi ni tofali tupu na bati. Tusianze na maungio. Nyumba isiyo na dari hupoteza joto kila mahali. Tuanze na dari na kuziba matundu. Lakini somo la usimamizi ni letu tayari. Mwashi husema ungio ni la seremala, seremala husema ni la mwezeka paa, na mvua huingia hapohapo. Bwana wetu alisema habari za mtu anayetaka kujenga mnara (Luka 14:28). Kuanzia sasa, kila mchoro utakaoletwa ofisini kwetu uonyeshe maungio, na jina la fundi anayehusika na kila moja.

Marafiki zetu walipata mkopo, na mchungaji wao bado anakaa katika nyumba ile. Mchango wa zahanati umeanza kurudi, ingawa si wote. Tuliwaomba radhi kwa manung'uniko yetu, nao walituomba radhi kwa kuchelewa kutueleza.